Picha nyeusi na nyeupe: tuagize mikanda kwa pamoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba mikanda ya picha nyeusi na nyeupe haitengenezwi tena popote duniani, na kwamba sisi wenye kamera za zamani tuzipange kabatini ziwe mapambo ya sebuleni. Niliisoma barua ile nikidhani anatania. Kumbe hatanii. Na kwa kuwa vijana wanaokuja kwangu kujifunza waliniletea gazeti wakauliza kama bado ipo haja ya kuendelea kusumbuka, nikaona nisipojibu mimi sijui atajibu nani.

Mikanda inatengenezwa. Inatengenezwa Uingereza, Marekani, Jamhuri ya Cheki, China na kwingineko. Kilichokufa ni ile njia iliyokuwa ikiileta mpaka dukani Tanga. Ndugu yule amechanganya mambo mawili, na kuyachanganya kuna hasara. Kiwanda kikifa huna la kufanya, lakini njia ikikatika unaweza kuiunga. Barua yangu yote ni ya kuiunga njia hiyo.

Mimi ni mpiga picha wa Ngamiani. Studio niliipokea kwa mjomba wangu pamoja na deni lake, na kazi iliyotulisha miaka mingi ilikuwa picha ndogo za vitambulisho: wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, wanafunzi, mabaharia, watu wa Hija. Zote nyeusi na nyeupe. Picha ya rangi ilikuwa ya harusi na ya wenye nafasi. Leo kamera ya dijitali ninayo, na picha za pasipoti nazipiga kwa hiyo hiyo, maana anayesafiri kesho hawezi kungoja negativu, ile picha ya mkanda yenye weusi na weupe uliogeuzwa, ikauke. Nalisema hili mapema ili nisihesabiwe miongoni mwa wazee wanaolilia ujana wao.

Habari za viwanda kufungwa sikuzipata kwanza gazetini. Nilizipata rafuni. Boksi linakwisha, unaagiza jingine, jingine haliji, unaanza kuuliza. Boksi la kwanza kunishtua lilikuwa la Ilford, kampuni ya mikanda ya Uingereza. Agosti 2004 kampuni ile, ambayo Alfred Harman aliianzisha mwaka 1879, iliangukia mikononi mwa wafilisi. Wakala niliyekuwa nikinunua kwake Dar es Salaam, jina lake nalihifadhi, alisikia habari hiyo akaacha kuagiza. Mwanzoni mwa 2005 mameneja wa Ilford wenyewe wakakinunua kiwanda, wakakiita Harman Technology kwa heshima ya mwanzilishi, na mitambo ya pale Mobberley, Uingereza, ikaendelea kufanya kazi hadi leo. Lakini wakala wetu hakurudi. Kwake yeye Ilford ilikuwa imekufa, na akawaambia wateja wote hivyo. Nadhani uvumi ule ndio uliomfikia hata ndugu yetu wa wiki ile, umezeeka njiani lakini haujapungua nguvu.

Ya wengine yalikuwa kweli. Mei 2005 AgfaPhoto ya Leverkusen, Ujerumani, ikafilisika, miezi michache tu tangu itenganishwe na kampuni mama. Juni mwaka huo huo Kodak ikatangaza kuacha kutengeneza karatasi za picha nyeusi na nyeupe, kazi iliyokuwa imeifanya kwa zaidi ya miaka mia moja. Forte ya Hungary ikafungwa 2007. Mwaka huo pia Kodak ikayalipua kwa baruti baadhi ya majengo yake mjini Rochester, Marekani, watu wakasimama mbali kutazama vumbi. Januari 2012 Kodak yenyewe ikakimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake, na kabla mwaka haujaisha Fotokemika ya Samobor, Kroatia, waliokuwa wakitengeneza mikanda ya Efke kwa mitambo mikongwe iliyochoka kabisa, nao wakafunga.

Wengi wanadhani viwanda hivi viliuawa na kamera ya dijitali peke yake. Dijitali ilianza, ni kweli, lakini ukubwa wa viwanda vyenyewe ndio uliomalizia. Mkanda haupikwi mmoja mmoja. Unachukua jelatini, inayotokana na mifupa na ngozi za ng'ombe, unaichanganya na chumvi za madini ya fedha gizani, kisha mtambo unaimwaga kwa wembamba usioonekana juu ya plastiki yenye upana unaozidi mita moja na urefu wa kilomita nzima. Ndipo inakatwa. Mtambo ukiwashwa mara moja unatoa mikanda ya watu maelfu kwa maelfu, na mkanda una tarehe ya kuharibika. Sasa kama wateja walikuwa milioni na wamebaki elfu kadhaa, ufanyeje? Sufuria ya pilau ya harusi huwezi kuipikia wali wa mtu mmoja. Ama utaunguza, ama utamwaga. Kodak na Agfa walijenga masufuria ya harusi. Walionusurika ni wale waliokuwa wadogo tangu zamani, kama Foma ya Hradec Králové, Cheki, ambayo ipo tangu 1921, au waliokubali kuwa wadogo, kama hao wa Mobberley. Kodak nayo ilitoka mahakamani Septemba 2013 ikiwa imenyolewa, ila mkanda wa Tri-X, uliotoka kwa kamera za milimita 35 mwaka 1954, bado unatoka Rochester.

Wakati hayo yakiendelea sisi huku tulikaa bila mkanda, bila karatasi, bila dawa. Wenzangu wengi waliuza enlaja zao, mashine za kukuzia picha, kwa bei ya chuma chakavu. Siwalaumu, watoto lazima wale. Mimi nilikuwa na ukaidi, na nilikuwa na chumba cha giza ambacho hakifai kwa kingine chochote kwa kuwa hakina dirisha.

Naomba nieleze kwa kirefu jinsi nilivyohangaika, kwa sababu vijana wanaambiwa mambo haya hayawezekani bila vifaa vya Ulaya.

Nilianza na filamu ya eksirei. Ninayo kamera ya Kijerumani ya kukunja, inayotumia vioo vya picha vya sentimita 9 kwa 12 badala ya mkanda, iliyokuwa ya mjomba. Filamu ya eksirei ya 18 kwa 24 ukiikata katikati mara mbili unapata vipande vinne vya kuingia humo barabara, hakuna hata ukanda wa kutupa. Inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya hospitali, karatasi mia kwa boksi, na bei yake haifanani hata kidogo na bei ya filamu ya kamera. Kwa kuwa haioni mwanga mwekundu, unaikata na kuisafisha chini ya taa nyekundu huku unaona kila kitu. Kwa mwanafunzi hakuna shule bora kuliko hiyo: anaiona sura ikijitokeza kwa macho yake.

Ina ubaya wake. Utando unaoshika picha uko pande zote mbili, kwa hiyo ukiigusa na chombo upande wa chini imechubuka. Dawa niliyoipata ni kuibandika juu ya kioo baada ya kuisafisha, kisha kuufuta ule upande wa nyuma kwa jiki. Ubaya wa pili ndio mkubwa. Filamu isiyoona wekundu haitutendei haki sisi watu wa huku, maana ngozi zetu zina wekundu mwingi ndani. Uso unatoka mweusi kuliko ulivyo, na midomo inakuwa tii. Mama mmoja wa Makorora alikataa kulipa akisema nimempiga akiwa amenuna, ilhali alikuwa akicheka, na mimi nilikuwepo. Tangu hapo watu nawapiga kivulini, kwenye baraza yenye mwanga mpana, na mwanga nauongeza maradufu ya hesabu ya kawaida. Kwa majengo, majahazi na miti ya mikoko filamu hii ni nzuri ajabu. Na yenyewe sasa inapungua, kwa kuwa hospitali zinahamia kwenye kompyuta, kwa hiyo simshauri mtu aifanye ndiyo tegemeo la maisha.

Kando ya eksirei, hadi sasa, natumia karatasi yenyewe ya picha badala ya filamu. Unaikata, unaitia ndani ya kamera, unapiga, unaisafisha, unapata negativu ya karatasi. Kisha unaibana uso kwa uso na karatasi nyingine, unawasha taa, unapata picha. Polepole yake ni ya kuudhi. Mtu lazima akae kimya sekunde kadhaa, na watoto wadogo hawapigiki. Lakini wazee wanaipenda, wanasema imewapa nafasi ya kujitengeneza.

Dawa ndiyo iliyonifundisha zaidi. Tulizoea pakiti za D-76, dawa ya kusafishia mkanda, kutoka Kodak, tukidhani mna siri ya kiwanda. Hamna. Fomula iko wazi tangu miaka ya 1920: metol gramu 2, sodiamu salfaiti gramu 100, haidrokwinoni gramu 5, boraksi gramu 2, maji mpaka ifike lita moja. Nyingine, D-23, ina vitu viwili tu, metol gramu 7.5 na salfaiti gramu 100. Nilivipata kwa watu wanaouzia shule vifaa vya maabara, pamoja na sodiamu thaiosalfeti ya fiksa, dawa inayoifanya picha idumu. Ilibidi ninunue kwa kilo, na muuzaji alinitazama kwa mashaka mpaka nilipomwonyesha negativu. Mwenye ngozi nyepesi kudhurika avae glavu, metol inawasha vibaya. Badala ya asidi ya kusimamishia developa (dawa inayoitokeza sura), siki ya dukani iliyozimuliwa inatosha kabisa.

Metol ilipoadimika nikaingia kwenye kahawa. Najua msomaji atacheka. Jambo hili lilijaribiwa na mwalimu na wanafunzi wake wa chuo cha teknolojia cha Rochester mwaka 1995, katika mji ule ule wa Kodak: kahawa ya unga ya papo kwa papo, soda ya kufulia na vitamini C, vikichanganywa, vinasafisha mkanda. Fomula inayotumika sana inataka kwa lita moja soda kavu gramu 54, vitamini C gramu 16 na kahawa gramu 40, kisha dakika 15 katika nyuzi 20. Kahawa ya bei rahisi, ya robusta, inafanya kazi vizuri kuliko ile ya kifahari. Hapo wenzetu wa Bukoba wana cha kujivunia ambacho labda hawakijui, kwa sababu robusta ndiyo yao.

Soda nami nilikataa kuiagiza nje wakati magadi yapo sokoni, yanauzwa kwa ajili ya maharage. Ila magadi ya mafungu yana unyevu na bikaboneti ndani yake, ukiyatumia hivyo hivyo dawa inakuwa dhaifu. Yakaange kwenye sufuria kavu mpaka yaache kutoa mvuke, yayeyushe, yachuje kwa kitambaa mara mbili kuondoa mchanga. Chumvi kidogo iliyomo haidhuru. Hata hao wa Ulaya wengine hutia chumvi ya mezani makusudi ili mkanda usiingie ukungu, yaani weusi usiotakiwa. Harufu ya mchanganyiko wenyewe siwezi kuielezea gazetini. Mke wangu alinihamishia uani.

Joto. Fomula zote zimeandikwa kwa nyuzi 20, na maji ya bomba Tanga hayajawahi kusikia habari za nyuzi 20. Ukisafisha kwenye maji ya nyuzi 28 kwa dakika za kitabuni mkanda unatoka mweusi, na jelatini inalainika mpaka inaweza kukunjamana. Naweka chombo cha dawa ndani ya karai lenye barafu ya mifuko. Barafu isiingie ndani ya dawa, itaizimua. Umeme ukikatika na barafu hakuna, naizimua developa maji sawa kwa sawa, muda unarefuka kidogo na naweza kuutawala. Kwenye fiksa natia shabu, ile ile watu wanayosafishia maji ya kisima, kwa kuwa inaukaza utando. Wazee wa studio walijua hili zamani sana. Mjomba alikuwa na kipande cha shabu mfukoni mwa aproni daima.

Na maji ya kusuuzia? Negativu inataka maji mengi yanayopita, na sisi tuna mgawo. Hapa bahari imetusaidia. Wanamaji wa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili waligundua kwamba maji ya chumvi yanaondoa fiksa upesi kuliko maji yasiyo na chumvi. Kijana wangu anakwenda Raskazone na madumu mawili, tunasuuza kwa maji ya bahari, kisha tunamalizia na ndoo moja ya maji ya bomba ili chumvi isibaki. Negativu nilizozisuuza hivyo miaka ya nyuma zipo, sijaona doa.

Kuna njia moja ya kujiokoa ambayo siisifu, nayo ni kununua mikanda iliyokwisha muda. Siku hizi inauzwa mitandaoni kwa bei ya maajabu, eti ina "ladha". Huenda iliyolala kwenye friji ya mtu Ufini ina ladha. Iliyolala dukani huku kwetu, kwenye joto na unyevunyevu wa pwani, ina ukungu tu. Na wapo pia wanaohodhi. Nilisikia habari ya bwana mmoja aliyejaza jokofu mikanda mipya ambayo hatapiga maisha yake yote. Mkanda usiopigwa haukisaidii kiwanda kuliko ule uliopigwa. Mwenye kuhodhi hununua mara moja akatoweka, na kiwanda kinachotaka ni mteja wa kila mwaka.

Hapo ndipo nilipotaka kufika. Ukitazama ni nini kilichoiokoa mikanda huko ng'ambo, utaona kila mahali ni wateja waliojikusanya wakaahidi kununua kabla. Mwaka 2014 kiwanda cha Kodak cha filamu za sinema kilikuwa ukingoni; waongozaji kama Quentin Tarantino na Christopher Nolan wakapiga kelele, na mwanzoni mwa 2015 studio kubwa za Hollywood zikawa zimesaini kununua kiasi maalumu cha filamu kwa miaka kadhaa, zitumie zisitumie. Mwaka huo wa 2014 watu wa Ferrania, Italia, waliomba michango mtandaoni ili wafufue sehemu ndogo ya kiwanda cha zamani, wakapata zaidi ya dola 300,000 kutoka kwa wapiga picha wa kawaida, na 2017 wakatoa mkanda mweusi na mweupe wa P30. Fujifilm ilitangaza Aprili 2018 kuuacha mkanda wa Acros. Wateja wakapiga kelele, mwaka uliofuata ukarudi kwa jina la Acros II. Kodak iliuacha T-Max P3200 mwaka 2012, ikaurudisha 2018.

Mfano ninaoupenda mimi ni wa Ilford. Wapo watu wachache duniani wenye kamera kubwa za vipimo ambavyo duka lolote haliweki. Mara moja kwa mwaka Ilford inafungua daftari: kila mwenye kipimo chake cha ajabu anaagiza katika muda uliowekwa, kiwanda kinakusanya, kinakata, kinatuma. Asiyeagiza angoje mwaka mwingine. Hakuna anayelia, hakuna boksi linalooza ghalani. Watu wachache waliotawanyika wameonekana kama mteja mmoja mkubwa.

Sasa sisi. Najua Tanga tupo wangapi tunaopiga mkanda, tunatosha kwenye daladala moja na nafasi inabaki. Lakini Unguja wapo, na usisahau kwamba pale Mji Mkongwe ipo Capital Art Studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ambayo picha zake za nyeusi na nyeupe watu wananunua mpaka leo. Dar es Salaam wapo vijana wengi kuliko tunavyodhani. Mombasa wapo. Kila mmoja anaagiza mikanda yake mitatu au minne peke yake kutoka Ulaya, analipa posta peke yake, anapigwa ushuru peke yake, na mkanda unapofika bei imekaribia mara mbili.

Napendekeza tuagize kwa pamoja, na tuagize kwa robota. Mkanda wa milimita 35 unauzwa pia ukiwa mzima, urefu wa mita 30.5 kwenye kopo moja, nawe unaukata mwenyewe gizani na kuuviringisha kwenye vikopo vidogo. Unatoa kama mikanda 18 ya picha 36. Watu sita wakichanga kopo moja, kila mmoja anapata mikanda mitatu, na vikopo vinatumika tena na tena. Zamani maabara za picha za rangi zilikuwa zikitupa vikopo vitupu kwa mamia. Mimi niliviokota na ninavyo vya kuwagawia wenzangu. Kifaa cha kuviringishia ninacho pia, ni cha bakelaiti, kimepasuka pembeni lakini hakipitishi mwanga.

Kwa aina, wapo wanaotaka majina makubwa. Mimi nasema tuanze na Kentmere, ambayo ni ya hao hao wa Mobberley kwa bei ya chini, au Fomapan ya Foma. Mwenye hela ya Tri-X asituzuie njia.

Kuhusu kusafirisha, shemeji yangu wa Muscat amekuwa akiniletea mizigo midogo, na kwa uzoefu wake nawaonya wote: mkanda usiwekwe kamwe kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege, na hata wa mkononi siku hizi si salama. Viwanja vingi vimeweka mashine mpya za kukagua mizigo, zinazozungusha eksirei pande zote, na hizo zinaunguza mkanda ambao haujasafishwa hata ukipita mara moja. Tunaomba wahusika wa viwanja vyetu wakubali kukagua mikanda kwa mkono pale abiria anapoomba kwa adabu. Na ombi jingine kwa wanaofungua vifurushi: boksi lililoandikwa lisifunguliwe kwenye mwanga, lisifunguliwe kwenye mwanga. Ofisa mmoja, ofisi yake siitaji, alinifungulia karatasi zangu moja moja juani kuhakikisha ni nyeupe. Zilikuwa nyeupe. Baada ya hapo zikawa za kufungia karanga.

Ndugu yule aliuliza pia, kwa kejeli, faida yake nini. Nitamjibu kwa jambo moja. Mwaka jana familia moja ya Chumbageni ilikuja na karatasi yenye namba tu, risiti ya studio ya 1978, wakitafuta sura ya mama yao aliyefariki wakiwa wadogo. Hawakuwa na picha yake hata moja. Negativu ilikuwa kwenye bahasha yenye namba ile. Niliichapa jioni ile ile, kubwa, na mtoto wa mwisho, mtu mzima mwenye mvi, alitaka kujua kama gauni lile lilikuwa la bluu. Hilo sikuweza kumwambia. Majuzi tu alikuja mtu mwingine akitaka kuninunulia negativu zote kwa kilo, akachenjue fedha iliyomo. Nilimwonyesha mlango.

Kwa hiyo, Mhariri, tafadhali iweke barua hii wenzangu wa pwani nzima waione. Wanaotaka kuingia kwenye agizo la kwanza waniulize Ngamiani, studio yenye pazia la ngazi na maua, wananijua wote. Waje na kipimo cha kamera zao, 35 au 120 (ule mkanda mpana zaidi), maana robota ni la 35 tu na wale wa 120 itabidi tuwaagizie mikanda iliyokatwa tayari. Hela zikusanywe na mtu mwingine, mimi nisishikishwe. Nimekwisha kuwa mweka hazina wa timu ya mtaa na inatosha.

Bado hatujakubaliana kuhusu kasi, yaani wepesi wa mkanda kushika mwanga. Vijana wangu wanataka 100 kwa sababu chembe zake ni ndogo. Mimi nataka 400. Wakiwa wengi nitawafuata, ila harusi za usiku zikitoka giza wasije kugonga kwangu.

Wako,
Mpiga picha wa Ngamiani,
Tanga